Kanuni ya Mnyororo na Kona ya Mkonge wa Tanga

Wanaoisimulia historia ya Tanga kwa takwimu hupenda kuchora mstari laini: bei ya mkonge duniani ikipanda, mashamba hupanuka, mashamba yakipanuka, ajira huongezeka. Hiyo ndiyo kanuni ya mnyororo, ambayo Leibniz aliigusa katika maandishi yake ya mwaka 1676. Badiliko la kwanza likisukuma la pili, na la pili likisukuma la tatu, zidisha viwango viwili upate kiwango cha mnyororo mzima. Kanuni hii ina sharti moja ambalo wapangaji wa uchumi hulisahau: grafu isiwe na kona.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoiagiza, 62 tu ilisalimika, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea Usambara. Mashamba yakaenea hadi Muheza na Korogwe, yakivuta manamba kutoka Songea, Kigoma na Burundi. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000, ikawa ya kwanza duniani.

Mwaka huohuo ulianza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, uliotegemea kwa kiasi kikubwa mapato ya mazao ya kuuza nje. Mara bei ya mkonge ikaporomoka, na baadaye kamba za plastiki zikazidi kuteka soko. Kiwango kilichopimwa wakati wa kupanda hakikufaa wakati wa kushuka. Bei inapopanda, shamba huongeza vibarua wachache. Inaposhuka chini ya gharama, korona huzimwa na kambi nzima hukosa mshahara. Hapo ndipo penye kona: upande mmoja mteremko ni mdogo, upande wa pili ni mkali.

Wanahisabati walikuwa wakihangaika na tatizo la namna hiyo. Mwaka 1973 Francis Clarke, mwanafunzi wa R. Tyrrell Rockafellar katika Chuo Kikuu cha Washington, aliwasilisha tasnifu iliyopendekeza kwamba penye kona tusidai mteremko mmoja, bali tukubali kundi zima la miteremko iliyo kati ya pande mbili. Chukua umbali wa namba kutoka sifuri: kushoto mteremko ni -1, kulia ni 1, na kwenye sifuri yenyewe ni namba zote kuanzia -1 hadi 1. Kanuni ya mnyororo ikaendelezwa hivyo, lakini kwa gharama. Kwa kawaida haitoi tena usawa. Hutoa uhakika kwamba jibu limo ndani ya kundi fulani, ambalo huenda likawa pana kuliko jibu lenyewe.

Mwaka huohuo wa 1973 bei ya mafuta ilipaa. Plastiki ikawa ghali, na mwaka 1974 bei ya mkonge ikapanda. Mstari laini ungetabiri kwamba Tanga ingerejea kileleni. Haikurejea. Mkonge huchukua miaka kama mitatu kabla ya kukatwa, na mashamba, ambayo mengi yalitaifishwa mwaka 1967, hayakuwa yamepandwa upya vya kutosha. Uzalishaji uliendelea kushuka hadi takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Hatua ya kurudi juu haikuwa na urefu wa ile ya kushuka.

Leo mafuta yanakuja Tanga yenyewe, kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Tutaonyeshwa tena minyororo: bei ya mafuta, mapato ya bandari, ajira za vijana. Mtumishi wa umma anayeandaa andiko la mradi, mwanafunzi anayelichambua na mwanaharakati anayelihoji wana haki ya kuuliza maswali mawili. Kona iko wapi katika mnyororo huu? Na mteremko wa upande wa pili ni upi? Andiko linalotoa namba moja pale panapostahili kundi la namba limewaficha wananchi upande ule ambao wao ndio watakaoanguka.