Jino la Pembe si Dawa ya Pengo: Historia Fupi ya Tiba ya Maumivu ya Taya

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nyumbani kwetu Gitaza, pengo hilo lipo kweli. Baada ya maporomoko ya udongo ya Machi 2015, mama yangu alianza kusaga meno usingizini, hasa usiku wa mvua. Asubuhi taya lilimuuma hata kutafuna ugali wa muhogo kukawa kazi. Majirani walisema ni minyoo, akameza dawa ya minyoo. Baadaye aling'olewa magego mawili katika zahanati moja. Magego yakaondoka, maumivu yakabaki. Aliniuliza: "Mwanangu, kwa nini waling'oa jino na mimi naumwa shavu?"

Insha hii inajaribu kumjibu. Hoja yangu ni kwamba kila kizazi cha matabibu kilitibu kile kilichodhani kuwa ndicho chanzo.

Mwaka 1901, Karolyi wa Vienna alihusisha kusaga meno usiku na ugonjwa wa fizi. Mwaka 1907, madaktari wa Ufaransa waliipa tabia hii jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kusaga meno. Mwaka 1934, James Costen, daktari wa masikio na koo huko St. Louis, Marekani, alieleza habari za wagonjwa 11 walioumwa taya na masikio. Alidai kwamba mtu akikosa magego, taya hufunga kupita kiasi na kubana neva. Wataalamu wa maumbile ya mwili walikuja kuyapinga maelezo hayo. Hata hivyo, lawama ilibaki kwenye meno. Mwaka 1961, Ramfjord wa Michigan alisema tatizo ni meno yasiyokutana vizuri, na madaktari wengi waliyachonga ili yakutane.

Mgeuko ulikuja mwaka 1969. Daniel Laskin wa Chicago alieleza kuwa kinachouma ni msuli uliochoka, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hubana meno bila kujua. Mwaka 1976, yeye na wenzake walichapisha jaribio la ajabu. Walijifanya wanachonga meno ya wagonjwa 25, kumbe hawakuchonga kitu. Wagonjwa 16 walisema maumivu yameisha kabisa au karibu yote. Hawakuwa waongo. Maumivu ya namna hii yanaweza kupungua bila jino kuguswa, na kuhudumiwa kwa makini ni sehemu ya tiba.

Kutokana na historia hii, leo wataalamu hushauri kuanza na tiba isiyoharibu kitu: chakula laini kwa siku kadhaa, kitambaa chenye maji ya moto shavuni, kukanda msuli, dawa ndogo ya maumivu, na mchana kuacha midomo ifunge huku meno yakiwa hayagusani. Daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku. Hulinda meno yasilike, ingawa si lazima kikomeshe kusaga. Ipo pia sindano ya sumu ya botulini, itokanayo na bakteria aliyegunduliwa Ubelgiji mwaka 1895 na van Ermengem katika nyama ya nguruwe iliyoharibika. Sindano hiyo hulegeza msuli kwa miezi michache tu, kisha hurudiwa. Kwa muuza ndagala wa barabara ya Rumonge, gharama yake haifikiriki.

Kwa hiyo nimemjibu mama hivi: waling'oa jino kwa sababu jino linaonekana, na hofu ya mlima kuporomoka haionekani. Magego yake hayatarudi. Lakini siku hizi mvua ikianza usiku, dada yangu huchemsha maji, huloweka kitambaa, na hukaa naye wakizungumza mpaka usingizi umpate. Asubuhi humuuliza kwanza kuhusu shavu.