Tarehe ya Gome na Jani: Habari za Kuchanganya Dawa katika Bukavu

Mji wa Bukavu, uliokaa juu ya rasi zinazoingia katika maji ya Ziwa Kivu, kwa kimo cha mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, uliitwa Costermansville kuanzia 1927 mpaka miaka ya 1950, na katika zama hizo ulijipatia sifa ambayo miji mingi mikubwa kuliko huo haikujaaliwa, nayo ni sifa ya kuwa bandari ya dawa ya malaria pasipo bahari. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mti wa kinkina, ambao gome lake hutoa kinini, hupenda baridi, ukungu na mvua za milimani, mahali ambapo mbu ni haba, ilhali wenye haja ya kinini ni watu wa mabondeni: wa Uvira, wa uwanda wa Ruzizi, wa misitu ya magharibi inayoteremka mpaka Maniema. Mlima ukawa tabibu wa bonde.

Asili ya kinkina si Afrika. Ni mti wa milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini, na mapadri Wajesuti ndio waliolipeleka gome lake Ulaya katika karne ya kumi na saba. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kinini kutoka katika gome. Ikafika 1865, ambapo mtu wa kienyeji wa milima hiyo, Manuel Incra Mamani, alimkusanyia mfanyabiashara wa Kiingereza, Charles Ledger, mbegu za mti wenye kinini nyingi kuliko miti yote iliyojulikana. Waholanzi wakazinunua mbegu hizo kwa bei ndogo, wakazipanda Java, wakatajirika, na mti wenyewe ukapewa jina la Ledger. Mamani hakupewa jina la mti. Alifungwa katika nchi yake, akapigwa, akafa. Kila anayeandika tarehe ya kinini na amtaje mtu huyu, kwa kuwa hata miti mingi ya Kivu ni ya nasaba ya mbegu zake.

Kinkina iliingia Kivu katika utawala wa Wabelgiji, na watafiti wa kilimo wa INEAC, taasisi iliyoundwa 1933, waliishughulikia katika kituo chao cha Mulungu. Hapo mwanzo lilikuwa jambo la majaribio. Lakini mwezi wa Machi 1942 majeshi ya Japani yaliitwaa Java, na kwa siku chache karibu kinini yote ya dunia ikawa mikononi mwa upande mmoja wa vita. Askari wa upande wa pili walikuwa wakipigana katika nchi za joto na homa, hawana dawa ya kutosha, na gome la Kivu, lililokuwa bidhaa ndogo kando ya kahawa na chai, likatafutwa kama dhahabu.

Yafaa kulieleza gome lenyewe, maana ndani yake mna mchanganyiko ambao hakuutunga mwanadamu. Mti hungojwa miaka mingi kabla ya kuvunwa. Kisha shina hukatwa, au mti hung'olewa mzima pamoja na mizizi yake, gome likabanduliwa, likaanikwa, likasagwa. Katika unga huo mchungu kinini haikai peke yake. Inao ndugu zake watatu, kinidini, sinkonini na sinkonidini, na kila mmoja ana nguvu yake dhidi ya vimelea vya malaria. Katika miaka ya 1930, Tume ya Malaria ya Shirikisho la Mataifa ilipendekeza kwa maskini wa dunia dawa iliyoitwa totakina, yaani mseto wa hao wanne pamoja, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kinini iliyosafishwa. Tabibu wa kizungu wa zama hizo, aliyemcheka mganga kwa kuchanganya majani, alikuwa naye anaagiza mchanganyiko, ila wake ulikuwa na mizani na cheti.

Baada ya uhuru kazi ya gome ilikaa mikononi mwa Pharmakina, kiwanda ambacho jina lake kila mtu wa Bukavu analijua. Kilikuwa mali ya Wajerumani wa Boehringer Mannheim, kikapita kwa Roche, na 1999, katikati ya vita, kikanunuliwa na mameneja wake wenyewe. Vita vya 1996 na 1998 vilipita juu ya mashamba na juu ya wafanyakazi, maradhi ya ukungu nayo yaliishambulia miti na kuikausha imesimama, lakini kiwanda hakikufa. Mwaka 2005 kilianza kutoa pia dawa ya UKIMWI, kidonge kimoja chenye zaidi ya dawa moja ndani yake, kwa kuwa virusi hivyo navyo, kama vimelea vya malaria, hujifunza upesi kuishinda dawa inayokuja peke yake.

Hapa tunafika kwa Wachina, ambao elimu ya kuchanganya dawa kwao ni ya kale na yenye kanuni. Katika vitabu vyao mchanganyiko hupangwa kwa daraja nne: yupo mfalme, ambaye ni mmea unaoukabili ugonjwa wenyewe; yupo waziri, anayemwongezea nguvu; yupo msaidizi, anayetibu maumivu ya pembeni au kuutuliza ukali wa hao wawili; na yupo mjumbe, anayeiongoza dawa mahali pake na kuwapatanisha wote. Mtu wa Kabare hahitaji kufasiriwa sana, maana anamjua mwami, mfalme wake wa jadi, tena anawajua bajinji, ambao pasipo wao mwami hatawazwi. Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi yapata mwaka 200, aliandika dawa ya mafua yenye baridi na kukosa jasho: mmea wa mahuang wakia tatu za Kichina, vijiti vya mdalasini mbili, susi moja, na kokwa sabini za aprikoti. Mwenye kusoma ataona kwamba siri haikuwa katika majina ya mimea, bali katika tatu, mbili, moja na sabini. Fauka ya hayo waliandika orodha ya mimea isiyopaswa kukutana katika chungu kimoja, na elimu ya kukataza ni nusu ya elimu ya kuchanganya.

Kwa waganga wa Kivu maarifa ya majani ni mapana, hayana shaka. Mubirizi, wenye majani machungu, hupondwa na kunywewa kwa minyoo na kwa homa, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale, mganga wa Kitongwe Mohamedi Seifu Kalunde na Michael Huffman walimwona mnamo 1987 sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha mmea huo huo. Huko Lwiro, kaskazini ya mji, ambako Wabelgiji walijenga taasisi ya sayansi ya IRSAC iliyoundwa 1947, na ambayo tangu 1975 ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Jani linahifadhiwa, kipimo cha mganga aghalabu hufa pamoja naye.

Turudi kwa Wachina. Mwaka 1967, tarehe 23 Mei, China ilianza kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria kwa ajili ya vita vya Vietnam. Tu Youyou, aliyeongoza kundi moja mjini Beijing, alirejea kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne, kilichoagiza konzi moja ya qinghao iloweshwe katika maji, ikamuliwe, inywewe. Hakuna moto katika maagizo hayo, na Tu akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Oktoba 1971 akapata dondoo ya jani iliyowaua vimelea vya malaria katika wanyama wa maabara, na 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Wako wasemao kwamba ushindi huu ni wa mchanganyiko wa Kichina, nami sikubaliani nao: dawa ya Ge Hong ilikuwa mmea mmoja tu. Mchanganyiko ulikuja baadaye, kwa haja. Artemisinini, ndiyo dawa iliyomo katika qinghao, huua upesi mno lakini hutoka mwilini kwa muda wa saa chache, na vimelea wachache waliobaki huinuka tena. Basi ikatafutiwa mwenzi anayekaa siku nyingi katika damu. Wachina wenyewe waliiunganisha artemeta, iliyotokana na artemisinini, na lumefantrini. Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa hizi za pamoja mwaka 2001, na Kongo ikachagua artesunati, nayo ya jamaa ya artemisinini, pamoja na amodiakini mwaka 2005.

Hivyo jani la China lilifika Bukavu kama mshindani wa gome. Mwaka 2010 yakatangazwa majaribio yaliyofanywa juu ya watoto 5,425 wa Afrika, Kongo ikiwa miongoni mwa nchi tisa: waliopewa sindano ya artesunati walikufa 8.5 katika mia, na waliopewa kinini 10.9. Shirika likaiweka artesunati mbele kwa malaria kali, na kinini ikarudi nyuma.

Lakini jani lilikuwa na njia nyingine pia, ya bustani. Mfamasia wa Kijerumani Hans-Martin Hirt, aliyefanya kazi Zaire katika miaka ya 1980, alieneza kwa jumuiya yake ya Anamed chai ya artemisia, yaani qinghao, inayopandwa nyumbani, na wengi katika Kivu waliipokea. Shirika la Afya limeshauri isitumiwe, 2012 na tena 2019, kwa hoja kwamba dawa iliyomo hutofautiana jani kwa jani, ni kidogo, na chai ya kidogo kidogo huwafundisha vimelea ukaidi. Hoja hii si ya kudharau: 2020 ilitangazwa kwamba nchini Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, wamepatikana vimelea wenye mabadiliko ya kuihimili artemisinini.

Wala hatari ya kuchanganya pasipo hakika si ya Waafrika peke yao. Mjini Brussels, mapema katika miaka ya 1990, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa dawa zilizochanganywa na mimea ya China. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina la kufanana, wa jamaa ya aristolokia, na wanawake zaidi ya 100 wakaharibika figo.

Basi msomaji ununuaye dawa ya majani katika soko la Kadutu au la Nyawera, muulize muuzaji majani ni mangapi, ni yapi na kwa kipimo gani. Asiyeweza kukujibu usinunue kwake, na anayekujibu, andika jibu lake, kisha ukampe tabibu wako siku utakayokwenda hospitali, ajue umekunywa nini kabla hajaongeza dawa yake juu ya hiyo.