Umiliki na Fedha za Madaraja ya Wilaya nchini Tanzania, 1972–2017

Mjadala kuhusu madaraja chakavu ya vijijini kwa kawaida huanzia kwenye uhaba wa fedha. Makala haya yanadai kwamba historia ya umiliki ina uzito uleule. Mwaka 1972, sera ya Madaraka Mikoani ilivunja halmashauri za wilaya. Ziliporejeshwa mwaka 1984, zilirithi madaraja bila fungu mahususi la kuyatunza. Mfuko wa Barabara, ulioimarishwa kwa sheria ya mwaka 1998 na kutegemea tozo ya mafuta, ulizoea kugawa fedha za matengenezo kwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa barabara za wilaya. Mgawo huo ulifaa kazi za kila mwaka, kama vile kuchonga barabara na kuzibua makalavati. Daraja, hata hivyo, huchakaa kwa miongo na hudai gharama yake kwa mkupuo. TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017, msimamizi alibadilika lakini mantiki ya mgawo ilibaki ileile. Madaraja ya mawe, kama yale ya Kigoma, hupunguza gharama ya ujenzi, ila hayaondoi tatizo hilo. Tunapendekeza akiba ya madaraja pekee, isiyorejeshwa hazina mwaka wa fedha unapokwisha. Bila hiyo, daraja litaendelea kusubiri mafuriko ndipo litengewe fedha.