Lenzi ya Kukuza au Lenzi ya Ukaribu?

Miongoni mwa istilahi za upigaji picha zinazomtatiza mfasiri ni jina la lenzi ile ndogo inayofungwa mbele ya lenzi ya kamera ili kupiga picha za vitu vidogo, kama vile mdudu, mbegu au stempu. Wapo wanaoiita "lenzi ya kukuza". Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kupitia historia yake, kwamba jina hilo linapotosha.

Kamera ya sanduku iitwayo Brownie, ambayo kampuni ya Kodak ilianza kuiuza Marekani mwaka 1900, haikuwa na namna ya kurekebisha fokasi. Aliyeisogelea mno alitoka na ukungu pichani. Kwa kamera za namna hiyo Kodak ilitoa kioo cha kuvalishwa mbele ya lenzi, ikakiita kifaa cha picha za sura. Jina hilo lilifuata kazi: kioo kilimwezesha mpiga picha kumkaribia mtu.

Kioo hicho ni ndugu wa miwani ya kusomea. Vyote viwili ni lenzi mbinuko, yaani iliyotuna katikati, na nguvu zake hupimwa kwa diopta, kipimo kilichopendekezwa na tabibu wa macho Mfaransa, Ferdinand Monoyer, mwaka 1872. Lenzi ya diopta 1 ina umbali wa fokasi wa mita 1; ya diopta 2, sentimita 50; ya diopta 4, sentimita 25. Kamera iliyowekwa kwa vitu vya mbali kabisa, ikivalishwa lenzi ya diopta 4, huona barabara kitu kilicho sentimita 25 mbele yake. Vya mbali vyote huwa ukungu, kama aonavyo mzee ainuaye macho kutoka gazetini bila kuvua miwani.

Mkanganyo uliletwa na neno "makro", ambalo asili yake ni Kigiriki, kwa maana ya kirefu au kikubwa. Mwaka 1955 Mjerumani Heinz Kilfitt alitoa lenzi ya Makro-Kilar. Mwaka 1956 kampuni ya Nikon ya Japani ikatoa yake, ikaiita Micro-Nikkor, yaani ikachagua neno la udogo. Hivyo waundaji wenyewe hawakuafikiana.

Mfasiri hana haja ya kurithi ugomvi huo. Mwalimu anayesoma maelezo yenye "lenzi ya kukuza" atasimama mbali akitarajia kitu kivutwe, apate ukungu, kisha aamini kwamba kifaa ni kibovu. Ni kweli kwamba taswira hukua; lakini hukua kwa sababu kamera imesogea. Kwa hiyo inapendekezwa istilahi "lenzi ya ukaribu", na "lenzi ya kukuza" ibakie kwa kioo cha kushikwa mkononi. Wafasiri na walimu wanaombwa kuijaribu katika kazi zao.