Stesheni ya Plains: jengo la treni lililogeuka ofisi ya kampeni, kisha makumbusho

Plains ni mji mdogo wa wakulima wa karanga katika jimbo la Georgia, Marekani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 573 tu. Hata hivyo, wasafiri wa barabara kuu namba 280 husimama hapo, na wengi huja kuona jengo la mbao kando ya reli: stesheni ya zamani ya treni.

Ilianzaje?
Reli ilipofika miaka ya 1880, watu wa kijiji cha jirani, Plains of Dura, walihamia karibu nayo na jina likafupishwa. Stesheni ilijengwa mwaka 1888. Mazao, barua na abiria vilipita hapo. Baadaye magari yakaenea, abiria wakapungua, na huduma ya treni ya abiria ikakoma mwaka 1951.

Ilipataje uhai tena?
Mwaka 1976 Jimmy Carter, mzaliwa wa Plains, mkulima wa karanga na gavana wa zamani, aliwania urais. Alihitaji ofisi ya kampeni. Stesheni ilichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: ndilo jengo tupu mjini lililokuwa na choo. Alfajiri baada ya uchaguzi wa Novemba 2, Carter alirudi nyumbani akiwa mshindi, akawakuta majirani wakimsubiri stesheni. Alipozungumza nao, machozi yalimtoka. Januari 1977, treni maalumu ya mabehewa 18 iliwapeleka wakazi Washington kushuhudia akiapishwa.

Leo kuna nini?
Jengo limekarabatiwa na ni makumbusho ya kampeni hiyo, chini ya idara ya hifadhi za taifa. Kuingia ni bure. Treni ya watalii kutoka mji wa Cordele hupita hapo. Nje kidogo ya mji kuna sanamu ya karanga inayotabasamu, yenye urefu wa karibu mita 4. Carter alifariki Desemba 29, 2024, akiwa na miaka 100, na amezikwa Plains kando ya mkewe, Rosalynn.

Kwa nini imedumu?
Stesheni ndogo nyingi za Marekani zilivunjwa treni zilipoacha kusimama. Hii ilipona kwa sababu ilipata kazi mpya, na mwaka 1987 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuyahifadhi maeneo yanayohusiana na Carter. Tangu hapo matunzo yake yana mwenyewe.

Si kila mji hutoa rais. Lakini msikilizaji, kama kwenu kuna stesheni iliyofungwa, maswali ni yale yale: jengo litafanya kazi gani, na paa likivuja, nani atalipa fundi?