Kichwa Namba 5930

Baba yangu mdogo alikuwa akituambia kwamba zamani aliuwasha moto mlima ukatembea. Tulikuwa watoto, tukacheka. Naye ananyoosha kidole kuelekea Shengena, kilele cha Upare wa kusini kinachopita mita 2,400, ambacho tulikiona kila asubuhi tukiwa uani. "Huo huo," anasema, "ila wangu ulikuwa na magurudumu." Tukamhesabu miongoni mwa wazee wapenda hadithi.

Hakuwa akitunga. Reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika mwaka 1948, chini ya shirika moja la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1955 na 1956 shirika hilo lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, vichwa 34 vya treni vya aina ya Garratt. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 hivi. Kwenye reli ya upana wa mita moja hakijawahi kutembea kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hivyo, popote duniani. Tangi la kuchemshia maji lilining'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, ili dubwana lote liweze kujipinda kwenye kona. Moto ulikuwa wa mafuta mazito, na kazi kubwa ilikuwa kupandisha mabehewa kutoka usawa wa bahari Mombasa mpaka Nairobi, safari ya kilomita 530 hivi, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600.

Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kilimanjaro kilikuwa 5928. Shengena kilikuwa 5930, na baba mdogo alikuwa fayamani wake, mtunza moto.

Enzi hizo reli ilikuwa moja kwelikweli. Kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi kilipofunguliwa mwaka 1963, behewa liliweza kutoka Dar es Salaam, likapita Korogwe, Kahe na Voi, likafika Nairobi na hata Kampala. Mpare alifanya kazi Mombasa, Mganda Tabora, Mluo Tanga, na watoto wao walicheza pamoja kwenye kota za reli. Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Kila nchi ikabaki na reli yake. Watu wakarudi makwao na masanduku ya mabati, wakiwaacha nyuma marafiki ambao hawakuwa na anwani zao. Baba mdogo alirudi na kofia ya kazi na kikombe cha bati.

Kilichobaki upande wa pili wa mpaka ni picha. Uingereza iliacha treni za mvuke kwenye reli zake kuu mwaka 1968, na wapenzi wa mvuke wa huko wakaanza kuufuata ulikobaki. Walikuja Kenya na kamera, wakasimama juani kando ya mataruma wakingojea Garratt zipite. Leo ni wazee, na picha zao wanaziweka kwenye intaneti.

Mimi nilianza kuzitazama usiku mmoja nikakesha. Chini ya kila picha kuna namba ya kichwa, stesheni na mwaka. Wengine wameandika hata mafuta yaliyotumika. Jina la yule mtu aliyeegemea dirishani, mwenye leso shingoni, halipo. Iliniuma. Lakini nilipowaza kwetu, nikaona nasi tuna pengo letu: tunalo jina, tunayo kofia, tunajua alivyokohoa usiku, ila hakuna kati yetu aliyeijua namba. Bila namba, picha ya baba yako inaweza kukaa wazi mbele ya dunia nzima na usiipate.

Nilimuuliza baba mdogo namba, nikatafuta 5930. Ikaja picha moja, chini yake imeandikwa "Voi, 1972". Nilipompelekea baba mdogo simu, aliishika kwa mikono miwili. Aliyekuwa dirishani hakuwa yeye. Alikuwa dereva wake, na alimtaja kwa majina yote matatu kabla sijamuuliza.

"Halafu mwandikie huyo bwana," akasema. "Hapo si Voi. Ni Mtito Andei. Tazama tangi la maji."

Niliandika. Mzee wa Kiingereza akajibu kesho yake kwamba amefungua daftari lake la safari, na mzee wetu yuko sahihi. Akabadilisha maelezo, na baada ya namba akaliandika jina la dereva, yote matatu. Aliomba radhi kwamba siku ile hakuuliza.

Shengena chenyewe kipo Makumbusho ya Reli, Nairobi, pamoja na Gelai, namba 5918. Vyote viwili vina majina ya milima ya Tanzania. Karibu navyo kipo Nyaturu, namba 3020, chenye jina la watu wa Singida. Nilimweleza baba mdogo, akatikisa kichwa tu. Mawazo yake yalikuwa bado kwenye ile picha.

"Mwanangu, muulize kama aliuzunguka mtambo akapiga na ng'ambo ya pili," akasema. "Fayamani hukaa upande wa pili. Mimi nilikuwa huko."

Nimemuuliza. Anasema ana maboksi manne darini ambayo hajayafungua.