Uwashaji wa pikipiki

Uwashaji wa pikipiki ni kazi ya kuizungusha injini mpaka ishike moto na kujiendesha yenyewe. Hufanywa kwa kiki, ambayo hupigwa kwa mguu, au kwa stata, mota ndogo inayotumia umeme wa betri. Pikipiki nyingi za bodaboda Afrika Mashariki, zikiwemo za Bajaj Boxer na TVS HLX, zina njia zote mbili. Stata imeundwa kwa kazi nzito ya sekunde chache tu. Ikitumiwa hivyo hudumu miaka mingi. Ikibebeshwa ubovu wa betri, plagi au mafuta, huungua mapema.

Historia

Stata ya umeme ilianzia kwenye magari. Mhandisi Mmarekani Charles Kettering aliiunda, na Cadillac ikaiweka kwenye magari yake ya mwaka 1912. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Springfield, Massachusetts, iliipeleka kwenye pikipiki kwa toleo lililoitwa Hendee Special. Betri za zama hizo zilishindwa kazi na pikipiki hiyo ikaondolewa sokoni. Waendeshaji wengi wakaendelea na kiki kwa miongo mingi. Mwaka 1960 Honda ilitoa C102, Super Cub yenye stata, na kitufe hicho kikaanza kuzoeleka kwenye pikipiki ndogo za watu wa kawaida.

Jinsi stata inavyofanya kazi

Dereva anapobonyeza kitufe, umeme mdogo huiamsha rilei, nayo huunganisha waya mnene utokao kwenye betri hadi kwenye mota. Ndani ya mota, brashi za kaboni husukumwa na springi zigusane na pete ya shaba iliyogawanywa vipande. Hapo ndipo umeme unapoingia kwenye sehemu inayozunguka. Kutoka kwenye mota nguvu hupita kwenye gia na klachi ya stata, ambayo hushika upande mmoja tu. Injini ikishawaka na kuizidi mota kasi, klachi hiyo huachia.

Kinachoimaliza stata

Adui mkubwa ni joto. Mota inayozunguka kwa kasi huzalisha umeme unaopingana na ule wa betri, hivyo mkondo hupungua. Mota inayosuasua huvuta mkondo mkubwa zaidi, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto. Betri dhaifu huleta balaa jingine: sumaku ya rilei hukosa nguvu ya kushika, na vigusio vyake huachana na kugusana mfululizo kwa mlio wa ta-ta-ta-ta. Kila mguso hutoa cheche inayovila.

Fundi akiifungua stata iliyoteswa hivyo hukuta shaba imekuwa nyeusi, vumbi la kaboni limetapakaa, brashi zimebaki vipande vifupi visivyofikia tena pete, na wakati mwingine plastiki inayozishika imeyeyuka.

Klachi ya stata nayo huharibiwa na vidole visivyo na subira. Kubonyeza kitufe wakati injini bado inazunguka, au inaporudi nyuma baada ya kushindwa kuwaka, hukwangua roli zake. Dalili yake ni mota kusikika ikizunguka huku injini imetulia tuli.

Kuwasha kwa stata

Gia iwe frii, klachi ibanwe na taa ya mbele izimwe kama ina swichi yake. Injini ya kabureta iliyopoa huvutwa choki bila kuongezwa mafuta. Iliyo moto haihitaji choki. Kitufe kibonyezwe kwa muda usiozidi sekunde 5 na kuachiwa mara injini inaposhika. Isiposhika, stata ipumzishwe angalau sekunde 10 ndipo ijaribiwe tena.

Majaribio matatu au manne yakigonga mwamba, kitufe kiachwe na chanzo kitafutwe. Harufu kali ya petroli ni dalili kwamba plagi imelowa: choki irudishwe, ekseleta ifunguliwe yote, kisha injini izungushwe kidogo ili hewa ikaushe silinda.

Kiki na kusukuma

Kiki nayo ina meno, springi na shafti vinavyochakaa. Husukumwa taratibu mpaka mguu ukutane na ugumu wa mgandamizo, ikapitishwa kidogo, ikaachiwa irudi juu, ndipo ipigwe kwa mkupuo mmoja kamili. Kuikanyaga kwa ghafla kutoka juu hugonganisha meno, na injini ikirudisha, kiki inaweza kumuumiza mpigaji. Bolti ya mkono wa kiki ikilegea, mifereo ya shafti hulika na kiki huanza kuteleza.

Pikipiki ya kabureta huweza pia kuwashwa kwa kusukumwa ikiwa kwenye gia ya pili. Ile yenye pampu ya mafuta ya umeme haiwaki hivyo kama betri imekufa kabisa.

Baridi na matunzo

Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe na Makete nchini Tanzania, oili huwa nzito na betri hupungua nguvu kwa wakati mmoja. Hapo ni busara kuanza kwa kiki na kuiacha stata kwa safari za baadaye, injini ikiwa imeshapata moto. Oili iwe ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Betri nzima ya volti 12 iliyotulia husoma takriban 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12 imeisha chaji. Injini ikinguruma, kipimo kinapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5, la sivyo mfumo wa kuchaji una hitilafu. Betri ya maji huongezwa maji yaliyotoneshwa, kati ya alama ya chini na ya juu. Vichwa vyake visuguliwe, vikazwe na kupakwa grisi. Plagi safi, valvu zilizosetiwa, chujio la hewa lisiloziba na petroli isiyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini ishike haraka, na hivyo kuipunguzia stata kazi.

Kabla ya kununua stata mpya, fundi apime betri, waya wa ardhi, rilei na mfumo wa kuchaji. Stata inayofungwa bila chanzo cha kuungua kwa ile ya kwanza kutafutwa, nayo itaungua kwa sababu ileile.